Naomba ushauri: kijito kinakauka, visiki vya mikaratusi vinachipuka

Hamjambo wanakikundi. Tuko Dagoretti, kando ya kijito kidogo kinachoingia Mto Motoine, ule unaoshuka hadi Nairobi Dam. Zamani kilitiririka mwaka mzima. Siku hizi mvua ya masika ikiisha, kufikia Agosti kimebaki tope na chupa za plastiki, na visima vya karibu navyo vinashuka.

Wenye mashamba, baada ya mabishano si haba, walikubali tukate mikaratusi iliyokuwa ukingoni ikinyonya maji. Tumepanda mianzi na mikuyu badala yake. Shida ni visiki: ukivunja chipukizi moja, yanasimama matano. Kuna wanaotaka tupake dawa ya magugu, lakini maji hayohayo ndiyo watu wanamwagilia sukuma. Mimi nimekataa.

Kuna aliyewahi kuua visiki vya mikaratusi bila dawa? Alifanyaje?

Halafu, tunataka kupanga vizuizi vya mawe, urefu wa magoti tu, maji yapunguze mbio yazame ardhini. Hivyo navyo vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ama chama cha watumiaji maji kinatosha? Huku kila mtu ana jibu lake.