Tupeane uzoefu: HbA1c, sukari ya miezi mitatu. Je, majibu yenu yalilingana na ya kidoleni?

Wana Tanga, na ndugu zetu wa Muheza, Pangani na Korogwe, habari za leo. Naomba waliowahi kupima HbA1c, wewe mwenyewe au mtu wa nyumbani kwako, waseme ilikuwaje.

Naanza mimi. Mama yangu yuko Ngamiani, ana sukari miaka mingi. Kila siku ya kliniki kidoleni inasoma 6 na pointi, anasifiwa, anarudi na vidonge vile vile. Huku nyumbani nyayo zinawaka moto usiku na macho yanazidi kufifia. Mwaka huu daktari akaagiza atolewe damu ya mshipani. HbA1c ikaja asilimia 9, yaani wastani wa sukari yake kwa miezi ile, kwa namba za kidoleni, ulikuwa karibu 12. Dada yangu akamuuliza taratibu, akasema: kliniki ikikaribia, vitumbua anaacha, chai anakunywa kavu, usiku samaki na mchicha tu. Ikipita, anarudia wali wa nazi na mahamri yake. Simlaumu hata kidogo. Mtu mzima kugombezwa mbele ya benchi zima la wagonjwa inauma. Ila miguu yake ilikuwa inasema kweli muda wote, na sisi tulikuwa tunaangalia daftari.

Mdau wa Makorora
Pole kwa mama, mkuu. Mimi niko maabara, niongeze kidogo. Sukari ya kwenye damu inajishika kwenye himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, na ikishashika haibanduki mpaka chembe nyekundu ya damu inayoibeba himoglobini hiyo ife. Chembe hiyo inaishi siku 120 hivi. Ni kama masizi ya sufuria ya kuni: ukipika chakula chepesi leo, masizi ya mwezi uliopita hayaondoki. Ndiyo maana hata kufunga kula hakuhitajiki, njoo umeshiba. Chini ya 5.7 ni salama, 5.7 hadi 6.4 uko njiani, 6.5 kwenda juu ni kisukari, na kama huna dalili kipimo kirudiwe kabla hujaandikiwa. Walio kwenye dawa wengi hulengwa wawe chini ya 7, ila wazee na wenye maradhi mengine daktari huwalegezea, maana sukari ikishuka mno nayo inaangusha mtu. Si kipimo cha jana: Samuel Rahbar, daktari wa Iran, ndiye aliyeona himoglobini hiyo imezidi kwa wagonjwa wa sukari, mwishoni mwa miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani lilikubali kitumike kugundua ugonjwa mwaka 2011.

Mama wa Muheza
Shikamooni wakubwa. Yetu ilikuwa kinyume kabisa. Mdogo wangu ana siko seli. Akaanza kiu isiyoisha, anaamka kukojoa usiku kucha, anakonda. Zahanati moja wakapima HbA1c, ikaja 4.6. Wakasema hana sukari, anywe maji apumzike. Nikamchoma kidole kwa mashine ya baba mkwe: 14! Tukaenda kwa daktari mwingine, jambo la kwanza akauliza, huyu ana ugonjwa wowote wa damu? Akatueleza kwamba mwenye siko seli chembe zake zinaishi siku 10 hadi 20 tu, hazipati muda wa kushikwa na sukari, kwa hiyo namba inatoka ndogo hata kama sukari imejaa. Damu ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa fruktosamini. Hicho kinaangalia sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, hasa albumini, kinasoma wiki 2 hadi 3 zilizopita. Ikaja juu. Sasa yuko kwenye dawa na kilo zinarudi, alhamdulillah.

Mdau wa Makorora
Dada umesema jambo kubwa kwa mkoa wetu huu. Aliyeongezewa damu karibuni, anayesafishwa figo, aliyetoka kwenye malaria kali iliyomwaga damu, wote HbA1c inaweza kuwadanganya. Hata fruktosamini ina mipaka yake: figo zikiwa zinavujisha protini, nayo haiaminiki.

Binti wa Chumbageni
Mimi ilipanda bila sukari. 6.6, nikalia njia nzima kwenye bajaji. Kidoleni asubuhi kabla ya kula kila mara 5 na kitu. Kupimwa picha nzima ya damu, wekundu wa damu (himoglobini) 8 tu, uko chini, madini ya chuma yameisha kwa sababu ya hedhi nzito. Nikatumia vidonge vya chuma mpaka damu ikakaa sawa, HbA1c ikashuka 5.5 bila dawa ya sukari hata moja.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Mama wa Muheza, mpe pole mgonjwa. Mama yangu tumeshamwombea picha nzima ya damu pamoja na kipimo cha figo. Mashine ya kidole tumemnunulia, anapima saa mbili baada ya kula, nami namwandikia kwenye daftari bila kumsema. Juzi baada ya wali ilisoma 13, baada ya ugali mdogo na kisamvu 8. Ameanza kupunguza wali mwenyewe. Aliyewahi kubadilishiwa dawa baada ya HbA1c kuwa juu, tafadhali aeleze alianzishiwa nini na mwili ulipokeaje.