Kushuka Lushoto hadi Mombo, breki ya nyuma haishiki

Wakuu, pikipiki ni 125, breki za ngoma, nabeba abiria. Nikipita Soni kushuka, breki ya nyuma inalegea. Nibadilishe shuu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani)?

— Anza na gia, mkuu. Shuka na gia ya pili, kwenye kona kali weka ya kwanza, injini ikuzuie, usiweke fri (gia huru). Ukikanyaga mfululizo ngoma inapata moto, na hata shuu mpya haishiki. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki, ndipo ulaze pikipiki.

— Pedeli iwe na mchezo (inavyoshuka kabla breki haijaanza kushika) wa sentimita 2 hadi 3. Ukizidi, kaza nati ya fimbo ya breki. Mshale wa kwenye ngoma ukifika alama, shuu zimekwisha. Na kona za kulia kaa kushoto kabisa: ukilala, kichwa chako kinavuka mstari wa katikati kabla ya tairi, na lori linalopanda hutanua kona.