Deki ya VHS: picha safi, sauti imezama. Kaseti ya kusafishia, fundi, au deki nyingine?

MwanaMpwapwa (Ipagala, Dodoma):
Wakuu, habari za jioni. Nina deki ya VHS aliyoacha marehemu baba na bado inacheza. Kuna mkanda wa harusi ya shangazi, ulirekodiwa Mpwapwa miaka ya tisini, na humo bibi yangu anaongoza akina mama kupiga muheme, ngoma ya Kigogo. Bibi alishatutoka, na sauti yake haipo kwingine kokote. Picha inakuja safi. Sauti ndiyo imezama, kama watu wanaimba wamejifunika blanketi. Ngoma nazisikia, lakini maneno siyakamati na vigelegele vimepotea kabisa.

Nimeshauriwa ninunue kaseti ya kusafishia hedi (kile kichwa kinachosoma mkanda), wengine wanasema nimpe fundi, wengine nitafute deki nyingine ya mtumba. Kipi kina unafuu? Hofu yangu kubwa ni mkanda kutafunwa. Nawasilisha.

FundiMajengo:
Pole mkuu. Kabla hujatoa hata shilingi, toa huo mkanda wa bibi uuweke mbali. Weka mkanda mwingine usioujali, usikilize. Ukizama na wenyewe, tatizo ni deki. Ukilia vizuri, tatizo liko kati ya deki na huo mkanda mmoja, na hapo dawa ni tofauti kabisa.

Picha kuwa safi isikuchanganye. Picha inasomwa na hedi zilizo kwenye ile silinda inayozunguka. Sauti ya kawaida inasomwa na hedi nyingine ndogo, imesimama tu upande wa kulia wa silinda, karibu na rola ya mpira. Njia ya sauti ni milimita 1 tu kwenye ukingo wa juu wa mkanda, na mkanda wa PAL (mfumo wa picha wa TV za kwetu) unatembea sentimita 2.34 kwa sekunde, chini ya nusu ya mwendo wa kaseti ya redio. Kwa mwendo huo, utando kidogo wa vumbi kwenye hedi unatosha kumeza sauti zote nyembamba. Ndiyo maana vigelegele vinatangulia kupotea na ngoma inabaki. Na kwa vumbi letu la Dodoma kiangazi, deki ikikaa wazi juu ya kabati lazima ishike uchafu.

Kwa deki chafu mimi nachagua kusafisha kwa mkono. Chomoa umeme, fungua mfuniko, chukua pamba ya kijiti yenye spiriti ya aisopropili, futa hiyo hedi iliyosimama mpaka pamba itoke nyeupe. Futa na rola ya mpira, kwa sababu ikiteleza sauti inayumba, mara inapanda mara inashuka. Acha pakauke kabisa ndipo uweke mkanda. Silinda usiiguse kwa pamba hata kidogo, nyuzi zake zinang'oa hedi za picha.

MamaKondoa:
Mimi natetea kaseti ya kusafishia. Si kila mtu ana mkono wa kufungua vyombo vya umeme, na nyumbani kwetu imetusaidia. Ila ile ya majimaji, siyo ile kavu.

FundiMajengo:
Ya majimaji sina ugomvi nayo, dada. Kavu ndiyo inakwangua, ukiirudia rudia unakula hedi. Lakini hata ya majimaji haitoi uchafu ulioganda kwenye rola.

KijanaUDOM:
Kuhusu deki ya mtumba, ujue unachonunua. Kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai wa Japani, kilisimamisha mwaka 2016, kwa hiyo zilizobaki zote zimezeeka na rola zake pia. Halafu zilizotoka Uingereza, ukizipitisha kwenye waya wa antena, zinatoa sauti kwenye megahezi 6.0 wakati TV nyingi za PAL zinasubiri 5.5. Unaona picha, spika inatoa mchakacho mtupu, unaona umeuziwa kimeo kumbe deki nzima. Tumia waya wa AV, tatizo hilo linakwisha.

Na TV za flati zenye tundu moja dogo la AV, kila kampuni ina mpangilio wake wa ndani. Waya usiolingana unaingiza picha kwenye spika, unasikia mngurumo.

MwanaMpwapwa:
Asanteni sana. Nimejaribu mkanda wa kwaya, sauti kali kabisa, mpaka kinanda nakisikia vizuri. Huu wa bibi peke yake ndio umezama.

MzeeKamera (Singida):
Basi kaseti ya kusafishia iondoe kwenye hesabu, mwanangu. Nimerekodi harusi nyingi enzi hizo, nakueleza ninachokijua. Hedi ya sauti ina mwinamo wake, na kila deki imeinama tofauti kidogo. Mkanda uliorekodiwa kwenye deki iliyokaa vibaya utazama kwenye deki nzima kama yako.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuazima deki, usinunue. Uliza kwa ndugu na majirani, pima kila deki kwa mkanda wa kwaya kwanza, kisha cheza wa bibi. Mojawapo inaweza kuukubali.

Cha pili, muulize shangazi kama huo ni mkanda wenyewe au ni kopi. Tulikuwa tunarekodi kwa kamera, halafu tunatoa kopi kwa ndugu deki kwa deki, na kila kopi inapunguza sauti nyembamba. Wengine walikopi kwa LP, yaani mwendo wa polepole, kuokoa mkanda: kaseti ya E-180 ya saa 3 inakuwa saa 6, lakini mwendo unakatwa nusu na sauti inaharibika zaidi. Mkanda mama unaweza kuwa kabatini kwa upande wa bwana harusi. Huo ukipatikana, unazidi ufundi wote.

Yakishindikana hayo mawili, ndipo fundi. Kuna skrubu moja inayoinamisha hedi. Anaigeuza kidogo kidogo mkanda ukicheza, mpaka vigelegele vitoke.

FundiMajengo:
Shikamoo mzee, hapo umenizidi. Nasisitiza tu skrubu hiyo asiiguse mwenyewe. Hedi hiyohiyo ndiyo inasoma alama za mwendo kwenye ukingo wa chini, ukikosea ukageuza skrubu iliyo jirani yake hata picha inaanza kuruka. Fundi aweke alama ya rangi kabla ya kugeuza, na airudishe akimaliza, la sivyo mikanda mingine yote itazama.

MwanaMpwapwa:
Shikamoo mzee. Kesho nampigia shangazi. Sauti ikitoka, niihamishie kwenye kompyuta vipi?

KijanaUDOM:
Fanya siku hiyohiyo, hedi ya deki ikiwa bado imeinamishwa. Sauti iingie tundu la laini (line in), siyo la maiki, maana maiki itaipasua. Weka kiwango cha kurekodi chini kidogo kwa kusikiliza pale akina mama wanapopiga vigelegele kwa nguvu zaidi, kisha rekodi mkanda wote bila kusimamisha.