Utafiti wa mimea na wanyama Udzungwa: "andika kila kitu" ndiyo nini?

Jani_Bichi: Wakuu, habari za humu. Nina kibali cha utafiti mdogo milima ya Udzungwa, Tanzania, upande wa Sanje. Msimamizi anasema nipande mlima huku nikiandika kila kitu. Nikiinamia mimea, wanyama wanakimbia. Nikifuata wanyama, mimea naikanyaga. Nianzie wapi?

Mpanda_Vilima: Kila kitu hakiandikiki, mdogo wangu. Anza na mwinuko. Pale msitu unapanda bila kukatika toka mita 250 hivi hadi juu ya 2,000, na joto linashuka karibu nyuzi 6 kila mita 1,000. Jina la mti utalipata baadaye kwa jani na picha ya gome, lakini mwinuko usioandikwa papo hapo umepotea. Andika pia mteremko unatazama wapi, maana upande wa mashariki hupata mvua nyingi zaidi.

Wanyama wape alfajiri. Kaa chini, nyamaza. Ng'olaga, yule kima wa Sanje, utamsikia kabla hujamwona. Mimea ingoje jua lipande, haiendi popote.

Kamera za kutega, zile zinazojipiga picha mnyama akipita, zifunge chini, usawa wa goti. Sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alinaswa na kamera mwaka 2005, akatangazwa spishi mpya 2008. Anachokonoa wadudu kwenye majani makavu, kwa hiyo kamera ya usawa wa kifua haitamwona kabisa.

Kwale_Mzee: Na chungulia sufuria! Kwale wa Udzungwa alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 baada ya watafiti kuona miguu ya ajabu kwenye chungu cha kambini. Ndugu zake wa karibu wako Asia. Wenyeji walikuwa wakimla tu. Muulize anayekuongoza, tena muigie sauti ya mnyama au ndege, usimwonyeshe picha za kitabuni, maana atakubali kila picha kwa heshima.

Jani_Bichi: Asanteni wakuu. Na siku nisipoona kitu?

Mpanda_Vilima: Andika hivyo hivyo: sikuona, nilikaa saa ngapi, kamera ngapi, usiku ngapi. Mtaalamu wa wanyama Joseph Grinnell alifanya hivyo kule Yosemite, California, kuanzia 1914. Karibu karne moja baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley walirudi na daftari zake, wakakuta nusu ya spishi za mamalia wadogo walizolinganisha zimesogeza mipaka yao juu, kwa wastani wa mita 500. Daftari lisilotaja idadi ya mitego lisingewafaa kitu.

Halafu tumia penseli. Ukungu wa kule unakula wino.