Tupeane uzoefu: zawadi ya mume ambayo hujaisahau (waume nanyi mjitokeze)

Mama Swabra, Kirumba
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jana tumetoka darsani, na ustadhi alitushika na maneno ya Mtume (s.a.w.), "Peaneni zawadi, mtapendana," ambayo Imamu Bukhari ameyapokea katika Al-Adab al-Mufrad. Tunavaa viatu pale nje, mzozo ukaanza. Mmoja kasema tangu aolewe hajapewa hata leso ya mkononi. Mwenzake akamrukia: "Kodi analipa, unga analeta, unataka akupe nini tena, meli?" Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kaniangalia.

Naanza mimi. Mume wangu anauza dagaa Mwaloni. Mambo ya nguo hayajui, na bila miwani hasomi. Siku moja kaja na doti ya kanga, kaifunga kwenye gazeti na kuificha ndani ya gunia tupu, eti nisijue. Rangi tamu, machungwa na nyeusi. Nikaifua, nikaianika uani. Haikupita nusu saa jirani yangu kaanua zake, kaingia ndani na kubamiza mlango. Kwenda kusoma: HASIDI HANA SABABU. Wiki mbili hatusalimiani! Mwisho nikaikata doti, nikampelekea kipande kimoja, tukacheka yakaisha. Changu ninacho mpaka leo. Ukinusa pindo, dagaa bado wamo.

Haya, zamu yenu.

Bint Nansio
Wa alaykumu salaam. Sisi wa Ukerewe, wake za wavuvi wa dagaa, mwezi tunauhesabu mwaka mzima, siyo Ramadhani tu. Giza likiingia mume yuko ziwani na taa zake usiku kucha. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, ndipo na sisi tunamwona.

Nilijifungua pacha kwa upasuaji, naye akarudi mbalamwezi akanikuta natembea nimeshika ukuta. Kesho yake alfajiri kabeba ndoo mbili, kateka maji ziwani mwenyewe, kafua nepi na kuzianika kwenye chanja ya dagaa. Wanaume wa pale mwaloni wakasema huyu kalishwa limbwata. Akawajibu: "Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akasema alikuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Hilo nalo mnaliitaje?" Kimya. Mimi nimelala ndani nasikia yote, nimejifunika shuka mpaka kichwani, nalia na huku nacheka, na mshono unauma. Dhahabu hajawahi kuninunulia na sijamdai.

Kaka wa Igoma
Mimi nakuja kukiri kosa. Nilimnunulia mke wangu simu ya tachi, ya kwanza maishani mwake. Miezi mitatu mbele tukagombana kwa jambo la kijinga, nani kamaliza gesi bila kusema. Hasira zikanipanda, nikamwambia nipe simu yangu. Katoa laini yake taratibu, kaifuta kioo kwa khanga, kanipa. Hakusema neno.

Ijumaa rafiki yangu akanikumbusha hadithi iliyomo kwa Bukhari, kwamba anayerudi katika zawadi yake ni kama mbwa anayetapika kisha akayarudia matapishi yake. Jioni ile ile nikamrudishia na radhi nikaomba. Kasema kanisamehe. Lakini simu iko kwenye boksi lake juu ya kabati, yeye anatumia kitochi. Huu mwezi wa nane. Nifanyeje?

Mama Swabra, Kirumba
Kaka, usije ukamnunulia nyingine. Anza kujaza gesi.

Mwalimu wa Buzuruga
Nirudi kwenye ule mzozo wa viatuni, maana watu wanachanganya. Chakula, mavazi na makazi ni nafaka... samahani, simu inanirekebisha, ni NAFAQA. Ni wajibu wa mume hata kama mimi nina mshahara. Mahari nayo ni haki yangu, someni Suratun Nisaa aya ya 4. Zawadi ni kile ambacho angeweza kukaa nacho asilaumiwe, akakitoa.

Ila waume msivunjike moyo. Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba lolote atakalolitoa kwa kutafuta radhi za Allah atalipwa, hata tonge analolitia kinywani mwa mkewe. Nikamwambia wangu: basi thawabu za unga chukua wewe, mimi nipe kanga. Alicheka mpaka akapaliwa. Kanga sijaiona.

Mama Pili
Wangu alinipa hereni za "dhahabu". Wiki ya pili masikio yakaota kijani. Yeye nampenda vilevile, muuzaji ndiye nina hamu naye.

Ng'wana Misungwi
Mimi Msukuma, mume wangu Mmanyema wa Ujiji. Mimba ya kwanza nikatamani michembe, siyo kidogo. Akatoka kazini akaniletea matobolwa. Enyi wa pwani, michembe ni viazi vilivyokaushwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Kwake yeye vyote viazi vikavu. Nikaangua kilio kama nimefiwa! Kageuza baiskeli juani, karudi magharibi na sado ya michembe pamoja na karanga, akaichemsha mwenyewe huku ananiuliza kila dakika kama inatakiwa inuke hivyo. Mtoto yuko darasa la tano, na baba yake sasa ndiye anayeimaliza sufuriani.

Mzee wa Pasiansi
Wajukuu, nimewasoma nikaona niweke langu. Marehemu mke wangu alikuwa na shoga yake wa tangu ujana, anakaa ng'ambo, Kamanga. Alipofariki nikakumbuka kwamba Mtume, baada ya Bi Khadija kuondoka, alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea nyama marafiki wa Bi Khadija, mpaka Bi Aisha akaona wivu. Mimi mbuzi siwezi kila mara. Kila Idi nanunua sato wawili wakubwa, nawakaanga kidogo wasiharibike, nawatia kwenye hotipoti ya marehemu, ile ya maua mekundu, kisha navuka nayo kwa feri.

Idi iliyopita yule mama alinirudishia hotipoti nikiwa tayari nimeaga. Nikaona nzito. Nikaifungua kwenye feri, mlikuwa na ndimu sita. Mke wangu naye alikuwa harudishi chombo cha mtu kitupu.