Paa la gari linavuja oili ya haidroliki, nipo Mtwara, naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Nina gari la Kijerumani la mwaka 1999, lile la paa la turubai linalojikunja lenyewe. Sasa oili inadondoka juu ya kioo cha kutazamia nyuma, kwenye silinda ndogo ya kufuli la mbele la paa, na paa linapanda kwa kusuasua kisha linagoma katikati. Mvua zikianza nitalia, viti ni vya ngozi.

Fundi mmoja alitaka kujazia oili ya breki. Nimekataa kabisa: oili hiyo inavimbisha na kuharibu sili (vile vipira vya kuzuia kuvuja) zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya haidroliki. Gari nalipenda, sitaki libahatishwe.

Ninachoomba: kuna fundi Mtwara, Lindi au hata Masasi anayefungua silinda ndogo kama hizi na kubadilisha sili tu, bila kununua silinda nzima? Nawaza mafundi wa foklifti na makatapila, maana haidroliki wanaijua, ila silinda zangu ni nyembamba mno. Au nizifungue nizitume Dar kwa basi?

Na kwa sasa, nikilegeza valvu ya pampu kule kwenye buti, naweza kulifunga paa kwa mkono bila kuvunja kitu?