Goti linaniuma na huku napunguza kilo, naomba ushauri

Ndugu na dada zangu, niko Bukavu, nina miaka 46. Tangu Januari nimeshuka kutoka kilo 104 hadi 95: bugali nusu sahani, sukari nimeacha, na kutembea kila asubuhi. Lakini mji wetu huu ni milima tupu! Kupanda mtaa wa Kadutu naweza. Kushuka ndiko goti la kulia linaponichoma, na jioni limevimba. Munganga (daktari) aliniambia kila kilo inayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua, kwa hiyo kurudi nyuma sitaki. Vidonge vya maumivu vinanisumbua tumbo. Shangazi ananisugua mafuta ya mawese (nabaki na harufu tu). Mliopitia haya, mlifanya zoezi gani lisiloumiza goti? Kuogelea Ziwa Kivu kunafaa? Na mtaalamu wa kunyoosha viungo, aliwasaidia kweli?